Kabla ya Kimbo

Senge alinitumia picha ya karatasi ya maabara saa tano usiku, bila salamu. Kwetu Wakipsigis senge ni dada ya baba, na huyu wangu haanzi mazungumzo bila "chamgei", kwa hivyo nilijua kuna shida kabla sijaifungua picha. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne. Kwenye mkunjo mmoja kulikuwa na namba iliyozungushiwa kalamu nyekundu: LDL 4.9. Hiyo ndiyo kolesteroli ambayo madaktari huiita mbaya. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa mkono: punguza mafuta, punguza chumvi, fanya mazoezi, rudi baada ya miezi mitatu. Na jina la kidonge cha kumezwa kila usiku.

Dakika kumi baadaye ukaja ujumbe wa sauti. "Eti nifanye mazoezi. Mimi! Nimepanda na kushuka hiyo milima miaka ishirini na saba na kikapu mgongoni. Waambie waje tufanye pamoja."

Asubuhi karatasi ilikuwa imeshafika kwa grupu ya familia, sijui nani aliituma. Binamu mmoja, ambaye kazi yake ni kuuza vifaa vya sola na si dawa, akaandika: kolesteroli ni ugonjwa wa wazungu, wazee wetu walikunywa mursik na kula nyama na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa moyo. Acha vidonge, rudi kwa mursik. Makofi kumi na saba. Jioni nilipompigia, Senge akaniambia vidonge viko nyuma ya redio, "vinapumzika".

Niseme kitu kimoja hapa halafu niendelee. Baba yangu, yaani kaka yake Senge, alianguka kwenye kituo cha kuuzia majani akiwa na miaka 51. Alikuwa amesimama kwenye foleni ya mizani. Kwa hiyo ile "hakuna hata mmoja" ya binamu ilikuwa imeshamfuta mtu mmoja kwenye hesabu, na hakuna aliyelalamika, hata mimi.

Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokataa kabisa kutosha. Nilichotoka nacho ni ile tabia ya kutaka kujua nani alisema nini, na mwaka gani. Basi nikaanza kutafuta.

*

Binamu hajui, lakini hoja yake ina karibu miaka mia moja, na mmoja wa walioitoa mapema kabisa alikuwa mzungu.

C. P. Donnison alikuwa daktari wakati wa ukoloni katika hospitali ya wenyeji huko South Kavirondo, wilaya ambayo makao yake yalikuwa Kisii. Ukitoka Sotik kwa matatu, Keroka ni pale tu, na Kisii iko mbele kidogo. Ni majirani zetu; tumeibiana ng'ombe na kuoana kwa zamu. Mwaka 1929 Donnison alichapisha makala katika jarida la Lancet la London. Alisema kwamba kwa muda wa karibu miaka miwili wagonjwa wapatao 1,800 walilazwa hospitalini kwake, na hakumpata hata mmoja mwenye presha ya juu. Hakuamini, au labda aliamini kupita kiasi, akaenda kupima presha za watu wapatao 1,000 ambao hawakuwa wagonjwa. Ulaya presha ilijulikana kupanda kadiri mtu anavyozeeka. Hapa ilipanda mpaka karibu na umri wa miaka 40, kisha ikaanza kushuka.

Presha na kolesteroli ni vitu viwili, tusivichanganye. Presha ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Kolesteroli ni aina ya mafuta inayosafiri ndani ya damu hiyohiyo, na ile ya LDL ikizidi hujikusanya kwenye kuta, polepole, kama kutu ndani ya paipu. Unaweza kuwa na moja bila nyingine. Ukiwa nazo zote mbili, mshipa wa moyo unabanwa kutoka pande mbili. Donnison alipima presha tu, lakini swali lake lilikuwa lilelile la binamu: mbona hawa watu mioyo yao haiwasumbui?

Jibu lake lilikuwa neno moja, ustaarabu, na mwaka 1937 aliliandikia kitabu kizima, Civilization and Disease. Kwamba maisha ya kisasa yanaleta magonjwa, na huku kulikuwa bado hakujafikiwa. Nikisoma hivyo nahisi vitu viwili kwa pamoja. Kwanza, namba zake ni za maana. Watafiti wamezirejelea tangu wakati huo mpaka leo. Pili, ni nani aliyemwambia Kisii ya 1929 ilikuwa nje ya historia? Watu hao walikuwa wanalipa kodi ya kichwa na ya nyumba. Wanaume wao walikuwa wamebebeshwa mizigo ya jeshi katika Vita vya Kwanza, na wengi hawakurudi. Kama kuishi chini ya mkoloni hakukuwa mawazo ya kupandisha presha, basi sijui mawazo ni nini.

Nilimsimulia Senge haya yote kwenye simu, kwa furaha ya mtu aliyegundua kitu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Hao watu wa huyo daktari, walikuwa wanazeeka?"

Swali hilo moja lilinirudisha chini. Malaria, nimonia na kuhara zilikuwa zinawachukua watu mapema, watoto hasa. Moyo unaohitaji miaka hamsini ili uharibike hauwezi kuharibika kwa mtu aliyeondoka na miaka thelathini. Hilo halifuti alichokiona Donnison, maana waliovuka arobaini aliwapima pia na presha zao zilikuwa chini. Lakini yeyote anayekwambia zamani watu walikuwa na afya njema, muulize walikuwa wangapi waliofika uzeeni.

*

Wakati Donnison akifunga mkanda wa presha kwenye mikono ya watu wa Kisii, upande wetu wa vilima kitu kingine kilikuwa kinapandwa.

Baada ya Vita vya Kwanza serikali ya kikoloni iliwatengea maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani maelfu ya ekari karibu na Kericho, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukafa, maofisa wakatawanyika. Hakuna aliyefikiria kuwarudishia Wakipsigis ardhi yao. Mnamo 1924 na 1925 Brooke Bond na James Finlay zikaingia, na milima ikaanza kubadilika rangi ikawa ile kijani ambayo leo watu husimamisha gari kuipiga picha.

Ardhi ilipokwenda malisho yalikwenda nayo, na malisho yakienda maziwa hupungua. Hapa ndipo chakula kinapoingia kwenye hadithi. Mkipsigis wa kabla ya chai alikula kimnyet, yaani ugali wa wimbi, pamoja na maziwa yaliyochachushwa kwenye kibuyu, damu ya ng'ombe mara mojamoja, na mboga za porini kama isagek, ambazo sokoni Nairobi utaziona zikiitwa saga. Nyama ilikuwa ya sherehe au ya ng'ombe aliyekufa. Sukari haikuwapo, asali ilikuwapo. Wimbi husagwa na ganda lake, kwa hivyo makapi yote yanaingia tumboni. Makapi hayo leo yana jina la heshima kwenye vitabu vya lishe; bibi zetu waliyala kwa sababu hakuna aliyekuwa na muda wa kuyatoa.

Mashamba ya chai yalilisha wafanyakazi wake kwa posho. Neno hilo siku hizi ni unga au mashine ya kusagia, lakini asili yake ni mgao, na mgao wa kawaida nchini wakati wa ukoloni ulikuwa ratili mbili za unga wa mahindi kwa mtu kwa siku. Wajaluo, Waluhya na Wakisii walikuja kuchuna chai Kericho na kuishi kwenye kambi za kampuni, na bila shaka wapo waliokuwa watoto au wajukuu wa watu wa Donnison. Wakipsigis wengi, kwa kiburi ambacho bado nakipenda, mwanzoni walikataa kuchuna. Walifanya ujanja mwingine: walilima mahindi kwa jembe la ng'ombe na kuyauzia mashamba. Yaani sisi wenyewe tulilisha posho kambi, tukapata hela, na taratibu shamba la wimbi likawa shamba la mahindi. Mahindi yana kazi ndogo. Wimbi unalipalilia ukiwa umeinama mpaka mgongo unakusahau. Hakuna aliyetulazimisha kwa bunduki kubadilisha ugali. Tulifanya hesabu, na hesabu ilikuwa na mantiki.

Kisha mafuta.

Kizazi changu kinaijua Kimbo kama harufu ya Krismasi. Chapati bila Kimbo ni mkate tu, hilo sitabishana na mtu. Lakini tuangalie mkebe wenyewe. Kimbo na Cowboy zilitengenezwa na East Africa Industries, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever. Ni mafuta magumu ya mimea, na mafuta magumu ya kupikia ya aina hii kwa kawaida hutokana kwa wingi na mawese, ambayo karibu nusu yake ni mafuta ya aina ileile iliyomo kwenye siagi na shahamu ya nyama. Ni yale mafuta yanayoganda ukiyaacha kwenye sufuria usiku. Hayo ndiyo, kuliko kitu kingine chochote kwenye sahani, yanayosukuma ini kuacha LDL nyingi ndani ya damu. Neno "mimea" kwenye lebo lilitufanya tuamini tumesalimika.

Na mwaka 1984 Unilever ikainunua Brooke Bond, mashamba ya Kericho yakiwemo. Kuanzia hapo mpaka 2002, Kimbo na Cowboy zilipouzwa kwa Bidco, kampuni mama moja ilikuwa inamlipa mchunaji wa Kericho mshahara wake na pia inatengeneza mkebe aliokwenda kuununua dukani kwa mshahara huo. Sisemi kulikuwa na njama. Biashara kubwa haihitaji njama. Nasema tu kwamba daktari anapoandika "punguza mafuta" kwenye karatasi ya Senge, anaandika kana kwamba mafuta hayo yaliingia jikoni kwa tabia mbaya ya Senge.

Mkebe ukiisha haukutupwa. Ule wa kilo mbili ukawa gorogoro, kipimo cha soko. Mpaka leo mahindi, maharagwe na wimbi hupimwa Bomet kwa mkebe wa mafuta ya kupikia.

*

Sasa mursik, maana najua ndiyo mnayoingoja.

Kwa ambao hawakukulia huku: ni maziwa yanayochachushwa kwenye kibuyu kiitwacho sotet, ambacho kwanza husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet. Yana rangi ya kijivu hafifu na ladha ya moshi. Wanariadha wetu hulakiwa nayo uwanja wa ndege. Na binamu hakuota tu. Kuna sayansi nyuma ya madai yake, ingawa yeye hakuisoma.

Mapema miaka ya 1960 George Mann, mtafiti kutoka Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, alikwenda kwa Wamaasai wa Tanganyika. Marekani wakati huo ilikuwa inaanza kuogopa siagi na mayai. Mann akakuta watu wanaoishi kwa maziwa, nyama na damu, mafuta ya wanyama mwaka mzima, na kolesteroli yao iko chini, na dalili za ugonjwa wa moyo karibu hamna. Mwaka 1974, pamoja na Anne Spoerry, yule daktari wa ndege wa AMREF aliyeitwa Mama Daktari, alichapisha jaribio alilofanya kwa kikundi kidogo cha wanaume wa Kimaasai waliokunywa maziwa mengi yaliyochachushwa. Kolesteroli yao ilishuka, tena ilishuka zaidi kwa wale waliongezeka uzito. Hapo binamu angekuwa ameshafunga ukurasa na kupiga picha ya skrini.

Lakini Mann huyohuyo mwaka 1972 alikuwa amechapisha jambo lingine. Yeye na wenzake walichunguza mioyo ya wanaume 50 wa Kimaasai waliokuwa wamefariki. Mafuta yalikuwamo kwenye kuta za mishipa yao, tena kwa wingi, kama ya wazee wa Kimarekani. Kilichokuwa tofauti ni mishipa yenyewe: ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyokwenda, na damu ilikuwa na nafasi ya kupita. Mann aliamini ni kutembea. Walikuwa watu wa kutembea na mifugo siku nzima, kila siku, tangu utotoni, na alipowapima pumzi walikuwa na uwezo wa kushangaza.

Nilikaa na hiyo picha muda mrefu. Maziwa hayakuisafisha mishipa, na kuchachusha hakuondoi mafuta kwenye maziwa. Ukichukua mursik peke yake ukaihamishia kwa mtu anayekaa kwenye kibanda tangu asubuhi mpaka jioni, umechukua kipande kimoja cha maisha na kuacha vile vingine vilivyokuwa vinakibeba. Halafu kuna lile tusilopenda kulitaja. Hospitali ya Tenwek, ambayo wamisionari waliianzisha Bomet mwaka 1937, imekuwa ikipokea wagonjwa wengi mno wa saratani ya umio, wengine vijana kabisa. Watafiti wameikuta kwenye mursik kemikali inayotokana na uchachushaji na inayohusishwa na saratani hiyo, na chai ya moto sana pia inashukiwa. Chanzo cha yote bado hakijafungwa kwa jibu moja. Kwa hiyo mimi nitakunywa mursik kwa harusi, na kwa furaha. Kuiita dawa, hapana.

*

Kuna utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 1990 katika British Medical Journal ambao nilipousoma niliona kama umeandikwa kunihusu, ingawa mimi si Mjaluo na nilikuwa sijazaliwa. Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia vijana wa Kijaluo waliohamia Nairobi kutoka kijijini magharibi mwa Kenya, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Presha za waliohama zilianza kupanda mapema, ndani ya miezi michache tu, si miaka. Mkojo wao ulionyesha chumvi zaidi na potasiamu kidogo, ile inayotoka kwenye mboga, matunda na maharagwe. Uzito uliongezeka, mapigo ya moyo yakawa ya kasi.

Damu ileile, watu wa kijiji kimoja. Kilichobadilika ni siku yao ya kawaida.

Nikahesabu yangu. Asubuhi chai na mandazi stejini. Mchana chipsi na smokie, chumvi ya kunyunyiza juu ya chumvi iliyomo, maana huwezi kula chipsi za kibandani bila kuongeza. Jioni ugali wa unga wa pakiti, sukuma iliyokaangwa mpaka ikasahau ilikuwa mboga. Kutembea: kutoka nyumbani hadi stejini, dakika saba. Nikahesabu na ya baba pia, kwa kumbukumbu. Shamba lake lilikuwa dogo, chai ya KTDA, na bonasi ilipoingia mwezi wa kumi alikuwa mtu mkarimu sana. Nyama choma, soda kwa kila mtu. Sigara zake mbili baada ya chakula. Sikumbuki akipimwa kitu chochote. Katika uchunguzi wa kitaifa wa 2015 kuhusu magonjwa haya, zaidi ya nusu ya Wakenya wazima walisema hawajawahi kupimwa presha. Kolesteroli? Karibu 98 kati ya kila 100 walikuwa hawajawahi.

Na tunapenda kujiita nchi ya wakimbiaji! Medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya ilitoka Kericho: Wilson Kiprugut, shaba ya mita 800, Tokyo 1964. Kila mtoto wa huku ameambiwa miguu yake ni ya dhahabu. Lakini miguu ya watu wengi huku haikujengwa uwanjani. Ilijengwa kwa kwenda kuteka maji, kwenda shule, kufuata ng'ombe, na kupanda safu za chai zilizolala kwenye mteremko, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, saa nane kwa siku. Kazi hiyo ilimpa Senge moyo wenye nguvu na ikampokonya magoti. Sitaki kuipamba. Malipo yalikuwa kwa kilo, mvua ya Kericho haina adabu, na wanawake wengi mashambani walipitia mambo ambayo hayasemeki kwa wepesi.

Sasa hata kazi yenyewe inaondoka. Mashine moja ya kuchuna hufanya kazi ya watu wengi, na Mei 2023 vijana wenye hasira walizichoma kadhaa huko Kericho. Waliogopa njaa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Lakini mwili nao unapoteza kitu hapo ambacho hakuna chama cha wafanyakazi kinachokiandika kwenye madai yake. Mtu aliyetembea miaka ishirini na saba anasimama ghafla, na sahani yake haipungui.

Ndiyo maana Senge alicheka alipoambiwa afanye mazoezi. Alidhani wanamhesabia miaka ile. Kumbe moyo hauna akiba ya namna hiyo. Aliacha kuchuna miaka minne iliyopita, akafungua kibanda karibu na barabara ya Bomet, na tangu hapo anakaa kwenye stuli ya plastiki akikaanga mandazi, na anayobaki nayo anayala, kwa sababu kutupa chakula ni dhambi.

*

Nilikwenda nyumbani mwezi wa nne. Sikubeba hotuba. Nilibeba maswali ambayo daktari wa kliniki alikuwa tayari amenijibu nilipokwenda kujipima mwenyewe, na nilimweleza Senge kama alivyonieleza. Kwamba LDL ya 4.9 ni juu sana, na ikifika huko mara nyingi kuna mkono wa kurithi. Kwamba kubadilisha chakula kunashusha, lakini kwa namba hiyo peke yake hakutoshi, na ndiyo maana kuna kidonge. Kwamba kutembea hakushushi LDL kwa kiasi kikubwa, lakini kunasaidia presha, sukari na mishipa yenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki, na chumvi isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku, ukijumlisha iliyofichwa kwenye mkate na soseji. Maharagwe, wimbi na mboga zina makapi yanayokokota kolesteroli kidogo kutoka tumboni.

"Na yako ni ngapi?" akauliza.

"3.9."

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

Hakusema kitu. Aliinuka, akatembea polepole mpaka kwenye redio, akachukua vidonge. Nadhani ni hiyo namba yangu iliyomtoa kwenye kiti, na si Donnison wala Mann wala historia yoyote niliyokuwa nimesoma. Pia nadhani alikuwa anamfikiria kaka yake, maana aliosha glasi mara mbili kabla ya kuijaza maji.

Siku zilizofuata tulibishana kwa vitu vidogo, ambako ndiko mambo haya hukaa. Mandazi hataacha kuyauza. Ndiyo kodi ya kibanda. Atakaanga kwa mafuta ya maji, ya alizeti, na hatayarudia mpaka yawe meusi, ingawa ni ghali zaidi na aliniangalia kama nimelipia. Kwake mwenyewe asubuhi atakula uji wa wimbi. Maharagwe atayachemsha na kuyaunga kwa kitunguu na nyanya, mafuta kijiko, kijiko cha kweli na si cha kukadiria kwa mkono. Sukari kwenye chai alikataa kuiondoa, tukakubaliana kutoka vijiko vitatu hadi kimoja na nusu, na nusu hiyo ilichukua jioni nzima. Kutembea, kwa sababu ya magoti, ni asubuhi kwenye barabara ya tambarare hadi sokoni na kurudi, akiwa na jirani yake, mchunaji mwenzake wa zamani. Wanaita kwenda kazini.

Jumamosi tulikwenda sokoni pamoja. Mama wa nafaka alimpimia wimbi kwa gorogoro, mkebe mkuukuu ambao rangi yake ya njano na bluu bado ilionekana ubavuni. Senge akaomba nyongeza, akapewa kiganja.

Alipima tena baada ya miezi mitatu. Aliniambia namba kwa simu, kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja mshahara, na imeshuka, imeshuka vizuri. Nikamuuliza kama niiweke kwa grupu, ili binamu aone.

"Usiweke," akasema. "Namba ni yangu. Hao waambie mursik ipo, waje Krismasi."